Filamu na Sanaa ya Video kwa Mwanafunzi wa Ngazi ya Juu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mwanafunzi ambaye tayari anajua kuwasha kamera, kukata klipu na kumaliza kazi fupi ya darasani, na sasa anataka kazi yake isimame kwenye ukumbi wa sinema au kwenye chumba cha maonyesho. Majibu yote yana msimamo mmoja: amua kwanza kazi itatazamwa wapi, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye kamera. Kazi nyingi za wanafunzi huharibika kwa sababu zilipangwa kuanzia kwenye kamera, na ukumbi ukafikiriwa usiku wa kuamkia onyesho.

Filamu fupi na sanaa ya video zinatofautiana wapi hasa?

Kwenye mtazamaji. Mtazamaji wa filamu huketi, taa huzimwa, na anakuwa nawe tangu mwanzo hadi mwisho. Mtazamaji wa sanaa ya video huingia wakati wowote, husimama, huzunguka, na anaweza kuondoka baada ya nusu dakika. Kwa hiyo kazi ya chumba cha maonyesho haiwezi kutegemea siri inayofichuliwa dakika ya tisa, labda uwe umeweka viti na kuandika mlangoni saa ambazo kazi inaanza upya.

Nam June Paik, mmoja wa waanzilishi wa sanaa ya video, alipoonyesha televisheni zake zilizochezewa mitambo huko Wuppertal, Ujerumani, mwaka 1963, televisheni yenyewe ilikuwa sehemu ya kazi: umbo lake, uzito wake, mahali ilipowekwa sakafuni. Swali hilo bado ni lako leo. Ukichagua skrini ya inchi 20 badala ya ukuta mzima, umeshasema jambo kabla picha ya kwanza haijatokea.

Nipige fremu ngapi kwa sekunde? Na mbona taa zinachezacheza kwenye picha?

Umeme wa Tanzania, Kenya na nchi jirani ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde bila macho kuona. Kamera ikiwa kwenye fremu 30 na shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) ya sekunde 1/60, haziendani, na utaona mawimbi ya giza yakipanda kwenye picha. Weka fremu 25 na shata 1/50. Ikibidi shata ya kasi zaidi, tumia 1/100. Baadhi ya balbu za LED za bei nafuu na skrini za matangazo hufuata mdundo wao wenyewe. Hapo pitia shata moja moja ukitazama skrini kubwa, na ikishindikana badilisha balbu.

Ukipiga kwa simu, programu ya kawaida ya kamera mara nyingi hubadilisha idadi ya fremu katikati ya shoti. Matokeo yake huonekana baadaye: sauti iliyorekodiwa pembeni inaanza sawa na midomo, na dakika kumi mbele imeachana nayo. Tumia programu inayofunga idadi ya fremu. Kama umeshapiga, geuza klipu zote ziwe fremu 25 thabiti kabla ya kuanza kuhariri.

Je, ni lazima kupiga kwa logi?

La. Logi huhifadhi tofauti kubwa kati ya mwanga na kivuli kwa kuibana ndani ya picha iliyopauka, na ubanaji huo unahitaji nafasi. Kamera ya biti 10 ina ngazi 1,024 kwa kila rangi. Ya biti 8 ina 256 tu. Logi kwenye biti 8 hukupa anga lenye mistari kama ngazi na nyuso zenye madoa pindi unapoanza kusahihisha rangi. Kamera yako ikiwa ya biti 8, chagua wasifu wa kawaida, punguza kontrasti kidogo, na pata mwangaza sahihi hapohapo ulipo.

Ukipiga logi ya biti 10, kosa la kawaida ni kupiga picha yenye giza kwa kuogopa kuunguza mwanga. Kelele nyingi za picha hukaa kwenye vivuli. Kwa S-Log3, logi ya kamera za Sony, kadi ya kijivu ya asilimia 18 inatakiwa kukaa kwenye asilimia 41 ya grafu ya mwanga. Wapigapicha wengi huipandisha stopu moja zaidi (yaani mwanga mara mbili) ili vivuli viwe safi, kisha huishusha kwenye kuhariri. Fanya hivyo kwa shoti zote za onyesho lile, la sivyo hazitalingana.

Nimulike vipi ngozi nyeusi ili isionekane ya kijivu?

Hili linastahili siku nzima ya mazoezi, tena kabla ya siku ya kupiga. Ile kanuni ya zamani ya kuweka uso kwenye asilimia 70 ya zebra (mistari ya kamera inayoonyesha kiwango cha mwangaza) ilitungwa kwa ngozi nyeupe, isahau. Iache pia kamera isijipimie yenyewe, maana itauona uso mweusi, itaongeza mwangaza, na ukuta wa nyuma au shati jeupe litaungua.

Ngozi nyeusi hupendeza kwa kurudisha mwanga, kwa hiyo kitu cha maana ni ukubwa wa chanzo na pembe yake. Chukua shuka jeupe la mita 1 kwa 2, litandaze wima kando ya mhusika, kati ya digrii 45 na 90 kutoka kwenye lenzi, kisha elekeza taa kwenye shuka, usiielekeze usoni. Utaona mwanga mrefu na laini ukipita kwenye paji, shavu na taya, nao ndio unaochora umbo la uso. Taa ndogo kali ya mbele hutoa doa jeupe puani na kuacha sehemu nyingine bapa. Jasho likileta mng'ao usioutaka, poda isiyo na rangi au kichujio cha polaraiza hutosha. Usiondoe mng'ao wote, maana uhai wa uso umo humo.

Wahusika wawili wenye rangi tofauti kwenye fremu moja? Msogeze mweupe mbali na taa. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga hupungua hadi robo, yaani stopu 2, kwa hiyo hata hatua moja ya mguu huleta tofauti inayoonekana. Mwisho, angalia ukuta: rangi nyeupe nyuma ya ngozi nyeusi hulazimisha uamuzi mbaya pande zote mbili. Ukuta wa bluu, kijani au udongo hukupunguzia nusu ya kazi.

Jua la mchana linaniharibia picha. Nifanyeje?

Karibu na ikweta jua la adhuhuri hukaa karibu utosini, na macho ya mhusika hugeuka mashimo meusi. Panga nje kabla ya saa 4 asubuhi na baada ya saa 10 jioni. Saa za katikati pigia ndani au chini ya kivuli kipana. Mwanga wa machweo huku kwetu haungoji mtu: giza huingia kama dakika 20 hivi baada ya jua kuzama, kwa hiyo shoti ya machweo iwe moja, iliyokwisha kufanyiwa mazoezi.

Kichujio cha ND, kioo cheusi cha kupunguza mwanga unaoingia kwenye lenzi, utakihitaji. Hesabu ni hii: kwenye jua kali, ISO 800 inataka takriban f/16 na shata 1/800. Wewe unataka 1/50 na f/4. Kutoka 1/800 hadi 1/50 ni stopu 4, kutoka f/16 hadi f/4 ni stopu 4 nyingine. Jumla stopu 8, yaani ND 2.4. Wanafunzi hununua ya stopu 3 na kushangaa. ND ya kuzungusha ni rahisi kubeba, ila ikizungushwa hadi karibu na mwisho wake kwenye lenzi pana huleta msalaba mweusi katikati ya picha. ND nzito ya bei nafuu nayo hupitisha infraredi, na kanzu nyeusi ikatoka ya kahawia.

Kwa nini sauti yangu inasikika kama ya kwenye pipa?

Kwa sababu maiki iko mbali, au chumba kina vigae na kuta tupu, au yote mawili. Fimbo ya maiki ishuke hadi sentimita 30 hadi 60 kutoka mdomoni, nje kidogo tu ya fremu. Ndani ya chumba kidogo, maiki ndefu ya bunduki mara nyingi huwa mbaya kuliko maiki fupi ya hypercardioid (inayosikia zaidi upande wa mbele), kwani bomba la ile ndefu linachanganyikiwa na mwangwi unaotoka kila upande. Tundika mablanketi mazito pande zisizoonekana, tandika mkeka au zulia sakafuni, zima feni na friji. (Ufunguo wa gari uweke ndani ya friji, hutaondoka bila kuiwasha tena.)

Maiki ya kubana kifuani ikae kama shibiri moja chini ya kidevu. Kitenge kipya chenye wanga na kanga isiyofuliwa hupiga kelele kila mhusika anapopumua. Ifue nguo kabla, na ibane maiki katikati ya pembetatu mbili za tepu ili nguo isiisugue.

Rekodi kwa 48 kHz na biti 24. Mazungumzo yacheze karibu na desibeli −18 kwenye kipimo cha kirekodio, na vilele visivuke −6. Virekodio vya biti 32 vya floti hukuokoa ukikosea kiwango, lakini haviokoi maiki yenyewe ikizidiwa na ukelele wa karibu. Kila mahali unapopiga, kabla watu hawajatawanyika, rekodi sekunde 60 za chumba kikiwa kimya, kila mtu akiwa amesimama palepale. Bila ukimya huo mhariri hana cha kuzibia mapengo, na kila mkato utasikika.

Mvua kwenye mabati haina dawa. Uwe na onyesho la akiba lisilo na maneno.

Nahitaji nafasi kiasi gani ya kuhifadhi?

Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde hula megabaiti 12.5 kwa sekunde, sawa na gigabaiti 45 kwa saa. Filamu ya dakika 10 iliyopigwa kwa uwiano wa 12 kwa 1 (dakika 12 za kamera kwa kila dakika 1 ya filamu) ni saa 2, gigabaiti 90. Zidisha kwa nakala 3: gigabaiti 270 kabla hujahariri chochote. Nakala ziwe tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ilale nyumba nyingine. Kadi isifutwe hadi nakala mbili zimehakikiwa kwa programu inayolinganisha faili baiti kwa baiti. Kutazama ikoni zimejipanga kwenye folda hakuthibitishi chochote.

Kompyuta yangu inakwama kwenye 4K. Ninunue nyingine?

Subiri kwanza. Tengeneza proksi: nakala nyepesi za klipu, nusu au robo ya ukubwa, za kodeki (njia ya kubana video) kama ProRes Proxy au DNxHR LB. Hariri kwa hizo, na wakati wa kutoa kazi programu itarudi kwenye klipu asilia. Toleo la bure la programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve linamtosha mwanafunzi kabisa. Mipaka yake mikubwa ni kutoa picha hadi Ultra HD tu na kukosa kifaa cha kupunguza kelele za picha. Usibadilishe majina ya faili baada ya kutengeneza proksi. Hapo ndipo kamba hukatikia.

Ninasahihishaje rangi bila skrini ya gharama?

Tumia grafu kuliko macho. Funga pazia, zima taa za rangi chumbani, weka nyuma ya skrini mwanga mweupe hafifu. Mpangilio ni huu: geuza logi kuwa Rec.709 (kiwango cha kawaida cha rangi za televisheni), linganisha shoti za onyesho moja, ndipo uweke mtindo. Anayeanza na mtindo huishia kurekebisha kila shoti mara tatu. Pumzisha macho kila nusu saa. Yanazoea rangi mbaya upesi sana.

Nichague projekta gani kwa kazi ya chumba cha maonyesho?

Anza na chumba. Tuseme unataka picha ya upana wa mita 3. Projekta yenye uwiano wa kurusha 1.5 itahitaji kukaa mita 4.5 kutoka ukutani (zidisha upana kwa uwiano). Chumba kikiwa cha mita 4, tafuta projekta ya uwiano mdogo zaidi, na upange ikae wapi ili vivuli vya watu visikate picha.

Kisha mwanga. Picha ya mita 3 kwa 1.69 ni kama mita 5 za mraba. Projekta ya lumeni 3,000 itaipa takriban laksi 590 (lumeni kwa kila mita ya mraba). Sasa washa taa za kawaida za ofisi zinazoangushia ukuta huo laksi 250: sehemu nyeupe ya picha inakuwa 840, na nyeusi haiwezi kushuka chini ya 250. Umebaki na kontrasti ya 3 kwa 1 na ushei. Zima taa, ziba madirisha hadi laksi 5, na projekta ileile inakupa zaidi ya 100 kwa 1. Kwa hiyo fedha za kwanza ziende kwenye kitambaa cheusi cha kuzibia madirisha. Projekta ya bei mbaya haishindi dirisha lililo wazi.

Mambo mengine yanayosumbua siku ya ufunguzi:

Ukutani paka rangi isiyong'aa. Usinyooshe picha kwa kitufe cha kistone kama unaweza kuinyoosha kwa kusogeza projekta au lenzi, maana kistone hukandamiza pikseli na kutia ukungu kwenye maandishi. Badilisha rangi ya skrini ya kukosa mawimbi kutoka bluu hadi nyeusi. Zima hali ya kulala. Washa hali ya kujiwasha umeme ukirudi, ili ukikatika saa 8 mchana mlinzi asilazimike kupanda ngazi. Kwenye televisheni, zima ulainishaji wa mwendo na ukuzaji wa kingo.

Mzunguko usiokatika ni tatizo la pekee. Televisheni inayocheza kutoka kwenye flashi huonyesha sekunde mbili za giza, au nembo, kila faili inapoanza upya. Vifaa kama BrightSign, au Raspberry Pi iliyopangwa vizuri, huzungusha bila pengo. Kama huna, tengeneza faili moja ndefu inayorudia kazi mara nyingi, ili pengo litokee mara chache tu kwa siku. Kumbuka flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili inayozidi gigabaiti 4. Acha mfumo mzima ukizunguka saa 24 kabla ya ufunguzi. Joto ndilo linalofichua hitilafu.

Nina picha mbili zinazotakiwa kwenda pamoja. Zinaachana baada ya dakika chache.

Vichezeo viwili vya video vilivyobonyezwa pamoja vina saa mbili tofauti, lazima viachane. Njia rahisi ni kutengeneza video moja ya 3840 kwa 1080, nusu ya kushoto ikiwa picha ya kwanza na nusu ya kulia ya pili, kisha kompyuta moja yenye matundu mawili ya kutolea picha iitandaze kwenye projekta mbili. Zikizidi tatu au zikiwa vyumba tofauti, tumia vichezeo vinavyosawazishwa kwa kebo ya mtandao.

Tamasha limeomba DCP. Ni nini, na nitaitengenezaje?

Ni kifurushi cha faili kinachosomwa na mashine za ukumbi wa sinema. DCP-o-matic ni programu ya bure na inafanya kazi vizuri. Ukubwa wa 2K ni 1998 kwa 1080 au 2048 kwa 858. Filamu yako ya 1920 kwa 1080 ukiiingiza kwenye 1998 bila kuikuza, itabaki na ukanda mweusi wa pikseli 39 kila upande, na hilo halina ubaya.

Kasi ya fremu iangalie sana. Kumbi nyingi hucheza 25, lakini 24 ndiyo inayokubalika kila mahali. Ukipunguza 25 kuwa 24, filamu ya dakika 10 inakuwa dakika 10 na sekunde 25, na mlio wa sauti unakuwa mzito kidogo isipokuwa urekebishe urefu wake bila kugusa mlio. Ikiwa unajua tangu mwanzo kwamba lengo ni ukumbi wa sinema, piga kwa 24 na shata 1/50, taa hazitacheza.

Omba dakika tano za kujaribu ukumbini. Sikiliza mazungumzo ukiwa kiti cha nyuma kabisa: sauti huchukua sekunde 1 kusafiri kama mita 343, kwa hiyo aliye mita 14 kutoka kwenye spika anaisikia fremu moja nyuma ya picha.

Manukuu yawe vipi?

Mistari isizidi 2, herufi kama 42 kwa mstari, yakae sekunde 1 hadi 7. Kiswahili kina maneno marefu, hivyo tafsiri ya neno kwa neno haitoshei. Fupisha kwa maana. Mpe mtu ambaye hajaiona filamu ayasome huku picha ikicheza. Anapoacha kutazama nyuso, umeandika mengi mno.

Vibali na muziki?

Tanzania ina Bodi ya Filamu chini ya sheria ya mwaka 1976, na Kenya ina sheria ya filamu, Sura ya 222; zote mbili zinagusa upigaji na uonyeshaji, kwa hiyo barua ya chuo pekee usiichukulie kuwa kibali. Droni ina ruhusa yake kutoka mamlaka ya usafiri wa anga. Wimbo mmoja una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi, na unahitaji zote mbili kwa maandishi. Waulize COSOTA (ofisi ya hakimiliki Tanzania) au KECOBO (ya Kenya) mapema. Matamasha hukataa filamu nzuri kwa sababu ya wimbo wa sekunde 20.

Nipeleke wapi kazi yangu, na nijifunze wapi zaidi?

ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu la Zanzibar, lililofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998, ni mlango wa karibu kwa filamu. Kwa mafunzo kuna chuo cha sanaa cha TaSUBa Bagamoyo, chuo cha habari cha KIMC Nairobi, Maisha Film Lab iliyoanzishwa na mwongozaji filamu Mira Nair huko Kampala, na Kwetu Film Institute ya Kigali. Soma kanuni za onyesho la kwanza: matamasha mengine hayapokei kazi iliyokwisha wekwa wazi mtandaoni. Filamu fupi iwe fupi kweli. Ya dakika 12 hupata nafasi kwenye ratiba kwa urahisi kuliko ya 28.

Mtu anataka kununua kazi yangu ya video. Nauza nini?

Unauza nakala yenye namba kutoka toleo lenye kikomo, kwa mfano nakala 5 pamoja na 1 ya msanii, na ahadi ya kutotengeneza nyingine. Mkabidhi faili kuu isiyobanwa sana, kama ProRes 422 HQ, faili ya kuonyeshea ya H.264, cheti chenye sahihi yako na namba ya nakala, na maelekezo ya ufungaji: ukubwa wa picha, kiwango cha giza, spika au vipokea sauti, viti vipo au havipo. Andika pia ni nani atakayehamisha faili kwenda muundo mpya teknolojia ikibadilika, na kama anaruhusiwa kubadilisha skrini. Haki ya kunakili inabaki kwako isipokuwa mkataba useme vingine.

Idadi ya toleo itangaze kabla ya kuuza nakala ya kwanza. Baada ya hapo haiongezwi.